Simu Yetu, Programu ya Guangzhou

Ukishuka kando ya Mto Zhujiang, upande wa magharibi wa Guangzhou ya zamani, utaliona jengo la zege ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli, Nairobi, walilijua kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi kwa Kichina. Linaitwa Nanfang Dasha. Lilijengwa na kampuni ya Da Xin, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ghorofa kumi na mbili, refu kuliko majengo yote ya mji kwa wakati ule, likawa duka la wenye nazo. Wajapani walipoingia mwaka 1938 liliteketea, likabaki gofu hadi serikali mpya ilipolifungua tena mwaka 1954 kuwa duka la umma. Katika miaka ya 2000 likabadilika tena: ndani yake pakagawanywa vizimba vya vioo, na vizimba vikajaa simu za mkononi.

Kwetu habari ya simu hizo husimuliwa kama habari ya bei. Bei ilikuwa na lake, sikatai. Lakini kilichoamua simu ifanye nini na isifanye nini ni programu iliyokuwa ndani, kitu ambacho mnunuzi hakioni wala hakishiki. Kuna wakati, mfupi, programu hiyo ilikuwa inapatanwa kizimbani kama bei yenyewe. Wakati huo umepita, na ulivyopita ndiyo hadithi ya hapa.

Waafrika walianza kuonekana kwa wingi Guangzhou mwishoni mwa miaka ya 1990. Msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 uliwayumbisha wafanyabiashara waliokuwa wakinunua mali Bangkok na Jakarta, wakaanza kupanda kaskazini kutafuta viwanda vyenyewe. Mji ulikuwa umezoea wageni. Maonyesho yake ya biashara, yale ya Canton, yamekuwa yakifanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, mlango ukafunguka zaidi. Wanaijeria wengi walikaa upande wa Sanyuanli. Waislamu wa Afrika Magharibi na ya Mashariki walipendelea Xiaobei, kuzunguka jengo la Tianxiu, ambako Wachina Waislamu walikuwa na migahawa ya nyama ya halali. Katikati ya miaka ya 2000 Kenya Airways ilikuwa inafika Guangzhou, na mtu aliweza kutoka Nairobi na begi tupu akarudi na mzigo ndani ya wiki.

Huku nyumbani soko la simu lilikuwa limewiva. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, ilikuwa imemfundisha kila mtu kwamba simu si ya mabosi pekee. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili tatu mfukoni na kuzibadilisha kwa ukucha mara kadhaa kwa siku. Nokia, iliyotawala soko lote, haikutoa simu ya laini mbili hadi mwaka 2010. Vizimba vya Guangzhou vilikuwa nazo miaka kadhaa kabla.

Viliwezaje? Jibu liko Taiwan, mjini Hsinchu, kwenye kampuni ya MediaTek. Zamani kutengeneza simu kulihitaji mamia ya wahandisi: wa redio, wa umeme, na zaidi ya wote wa programu. MediaTek iliuza chipu ikiwa na programu yake tayari: kupiga, kupokea, ujumbe mfupi, muziki, kamera, menyu na michezo. Mwenye kiwanda alibaki na kazi ya kutafuta kasha, betri, kioo na spika. Oktoba 2007 serikali ya China ilifuta leseni maalumu ya kutengeneza simu, na viwanda vidogo vya Shenzhen, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Guangzhou, vikachipuka kila kona. Wachina wenyewe waliziita simu hizo za shanzhai. Sisi tuliziita za Kichina, tukamaliza.

Programu ya simu hizo haikuwa na jina. Hakuna aliyeingia dukani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akauliza ina mfumo endeshi gani. Lakini kwa kuwa ilitoka MediaTek ikiwa wazi kwa kiwanda kuirekebisha, mnunuzi wa jumla naye alikuwa na sauti. Mwenye oda ya kutosha alikaa kwenye kigoda cha plastiki Nanfang Dasha, kikokotoo katikati ya meza, akasema anachotaka: simu ikiwaka itokee nembo ya duka lake, mlio uwe mkubwa usikike ndani ya daladala, kitufe kimoja kiwashe tochi bila kuingia kwenye menyu, redio ifunguke hata bila waya wa masikioni. Muuzaji aliandika namba kwenye kikokotoo, mnunuzi akafuta akaandika yake. Kiwandani mtu mmoja mwenye kompyuta alibadilisha picha na orodha, akapakia faili jipya, na mzigo ukafungwa.

Mafundi wetu nao waliufahamu mlango huo huo. Vifaa vya kupakia programu kwenye chipu za MediaTek vilisambaa bure, na fundi wa Kariakoo mwenye kompyuta ya mitumba na waya sahihi alikuwa na uwezo uleule wa kiwandani: simu ikigoma kuwaka, anatafuta faili lake, anaiflashi, inazinduka. Nadhani hatujaipa heshima yake kazi ile. Vijana wengi walielewa tofauti ya mashine na programu pale kibandani, miaka kabla ya kuona darasa la kompyuta.

Uhuru ule ulikuwa na upande wake mchafu. Nje ya kasha paliandikwa majina yaliyokaribiana na ya wenyewe, Nokla badala ya Nokia, na mengine hayakujisumbua hata kubadilisha herufi. Ndani palikuwa na tatizo kubwa zaidi. Kila simu duniani inatakiwa kuwa na namba yake tambulishi, IMEI, tarakimu 15, ambayo mwenye simu huiona akibonyeza *#06#. Namba hizo hugawiwa kwa utaratibu wa kimataifa. Kiwanda kisichotaka usumbufu kiliandika namba moja kwenye maelfu ya simu, au kikaweka sifuri tupu. Mtandao ulizipokea zote, kwa sababu kinacholipa ni laini. India ilichoka mapema: Novemba 30, 2009 iliamuru simu zisizo na namba halali zizimwe.

Kenya ilifuata Septemba 30, 2012. Tume ya Mawasiliano ilitoa sababu zake: wizi, usalama wa fedha za simu, uhalifu usiofuatilika. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa njiani na ghasia za mwisho wa 2007 hazijasahaulika, hivyo serikali ilitaka kujua nani anatuma nini kwa simu ipi. Simu karibu milioni 1.9 zilikatwa. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwa miezi watu wakague simu zao. Usiku wa Juni 16, 2016 zikazimwa. Simu nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima kabisa. Vioo vizuri, betri nzuri, spika za kutetemesha ukuta. Kilichokuwa na kasoro ni tarakimu kumi na tano ndani ya programu, zilizoandikwa na mtu ambaye mwenye simu hatamwona maishani. Hasara ilimwangukia aliyelipa, sijasikia kiwanda kilichorudisha hela.

Aliyevuna ni Zhu Zhaojiang. Alikuwa ameuza simu za Bird, kampuni ya Ningbo, akazunguka Afrika, na mwaka 2006 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Transsion, yenye Tecno, itel na baadaye Infinix. Mwaka 2008 iliamua kuweka nguvu zake Afrika. Ilifanya yaleyale ya vizimbani, laini mbili, betri ya siku kadhaa, sauti kubwa, ila kwa jina lake, kwa namba halali na kwa vituo vya matengenezo. Kamera ikarekebishwa programu yake ili ipime mwanga vizuri kwenye nyuso nyeusi, jambo ambalo watengenezaji wakubwa hawakuwa wamelihangaikia. Mwaka 2011 ikafungua kiwanda Ethiopia, na Septemba 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa Shanghai. Nanfang Dasha ilifundisha, Transsion ikafaulu mtihani.

Pamoja na hayo yote, kigoda cha plastiki kikawa kimeondoka. Simu mpya zilitumia Android ya Google, ambayo kwa jina ni ya bure na wazi kwa kila mtu, lakini duka la programu na ramani na YouTube vinakuja kwa mkataba. Huawei ya Shenzhen ilionyesha njia Kenya mwaka 2011 kwa IDEOS, simu janja iliyouzwa kwa takriban shilingi 8,000 za huko. Tangu hapo aliyekuwa anapatana kuhusu kitufe cha tochi hakuwa na cha kupatana. Google iliamua yake juu. Mtengenezaji akaongeza tabaka lake, kwa Tecno linaitwa HiOS, likiwa na programu zake zilizokwisha kupakiwa. Mnunuzi alibakiwa na neno moja la kubonyeza: Kubali.

Mimi si mpenzi wa programu zinazokuja na simu na hazifutiki, na sioni sababu ya kuficha. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba imekuta simu za Tecno W2, katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwa na programu haribifu tangu dukani, zinazomaliza salio kwa kumwandikisha mtu huduma asizoomba. Transsion ilijibu kwamba ni tatizo la zamani lililokwisha kutatuliwa, na kwamba lilitokana na mmoja wa wauzaji katika mnyororo wa utengenezaji. Huenda. Ila enzi za kuflashi, fundi wa Aggrey angeifuta yote na kuweka faili safi. Siku hizi simu nyingi zimefungwa, na kuzifungua ni kupoteza dhamana.

Hata mwenye kiwanda kikubwa hakuwa salama. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya marufuku, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google. Agosti mwaka huohuo, pale Dongguan kati ya Guangzhou na Shenzhen, Huawei ikatangaza mfumo wake yenyewe, HarmonyOS.

Hadi hapa Guangzhou inaonekana kama kaunta tu ya Shenzhen. Si hivyo. Mji huu ulikuwa na watu wake wa programu, wa namna nyingine kabisa. Ding Lei alianzisha NetEase hapa mwaka 1997. He Xiaopeng na Liang Jie, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kusini mwa China, walianzisha UC mwaka 2004, kivinjari kilichobana kurasa kwenye seva kabla ya kuzituma simuni, hivyo bando dogo likafika mbali. Opera Mini ya Wanorwei ilikuwa imeenea zaidi kwetu, lakini wengi waliokuwa na simu za vitufe wanaikumbuka UC na ile nembo yake ya kindi. Alibaba iliinunua UC mwaka 2014, na He akaenda kuunda magari ya umeme ya Xpeng, papa hapa Guangzhou.

Wa tatu ndiye aliyebadilisha mambo. Zhang Xiaolong, mzaliwa wa Hunan, alisoma Wuhan akaja Guangzhou, na katikati ya miaka ya 1990 akaandika peke yake programu ya barua pepe iitwayo Foxmail. Aliigawa bure. Mamilioni waliitumia wakati yeye akiwa hana kitu. Mwaka 2000 aliiuza kwa kampuni ya Boda, na mwaka 2005 Tencent ya Shenzhen ikainunua pamoja naye. Alikubali ajira, hakukubali kuhama. Inasimuliwa kwamba vikao vya makao makuu vya asubuhi vilimpita kwa usingizi. Katibu wa bosi akaanza kumpigia kumwamsha, naye akalalamikia foleni barabarani, hadi akatumiwa gari. Tencent ikaona heri kumwachia ofisi yake Guangzhou.

Mwishoni mwa 2010 Zhang aliona Kik, programu ya Kanada ya kutumiana ujumbe kwa intaneti, akamwandikia bosi wake Ma Huateng usiku kwamba kitu cha aina hii kitawamaliza wasipokianzisha wenyewe. Akaruhusiwa. Timu ndogo, kama watu kumi hivi, ilifanya kazi miezi miwili, na Januari 21, 2011 Weixin ikatoka. Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida tu. Mwezi Mei ikaongezwa ujumbe wa sauti, na hapo ikapaa, kwa kuwa kuandika Kichina kwa vidole kwenye kioo kidogo ni kazi. Kufikia Machi 2012 ilikuwa na watumiaji milioni 100, na mwezi uliofuata ikapewa jina la nje, WeChat. Ofisi zake ziliwekwa Haizhu, kwenye bustani ya T.I.T., eneo la kiwanda cha zamani cha mashine za nguo.

Kutoka Haizhu hadi Xiaobei si mbali, lakini sidhani kama waandishi wa WeChat waliwafikiria Waswahili hata siku moja. Ujumbe wa sauti uliwafaa kama ulivyowafaa wenyeji. Muuzaji alituma picha ya mzigo na bei, mnunuzi akabonyeza kipaza sauti akaongea Kiswahili na ajenti wake, mara nyingi mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya aliyejua lugha, naye akapeleka sauti nyingine kwa Kichina. Agosti 2013 yakaja malipo. Januari 9, 2017, miaka kumi kamili tangu iPhone itangazwe, Zhang akaleta programu ndogo zinazofunguka ndani ya WeChat bila kupitia duka la programu. Hapo Android au iPhone ikawa haina tofauti kubwa kwa mkazi wa Guangzhou. Mfumo endeshi wake wa kweli ulikuwa WeChat. Teksi, tambi, kodi ya nyumba, tikiti ya treni, vyote kwa kuskani mraba mmoja mweusi na mweupe. Na Septemba 2017 WhatsApp ikazibwa China, kwa hiyo hata mfanyabiashara aliyekuwa anakwepa ikambidi aingie.

Tatizo lilikuwa pesa. Malipo ya WeChat yalitaka akaunti ya benki ya China, na mgeni wa wiki mbili hana. Alimpa ajenti noti, ajenti akalipa kwa simu. Novemba 2018 Family Bank ya Kenya na SimbaPay walileta huduma ya kutuma pesa kutoka Kenya hadi WeChat ya muuzaji, baadhi yake kwa M-Pesa moja kwa moja, kwa sababu walijua wateja wao wako wapi. Kadi za nje zilianza kuruhusiwa kidogo kidogo mwaka 2019, na kwa wepesi zaidi tangu Julai 2023.

Kati ya miaka hiyo miwili pana Aprili 2020, wakati wa korona. Guangzhou ilikuwa imeweka ndani ya WeChat programu ndogo ya Suikang, kwanza ya kuagizia barakoa, halafu ya msimbo wa afya: kijani unapita, rangi nyingine unabaki nje. Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizolipia na hoteli zikawakataa, hata waliopimwa wakakutwa hawana virusi. Wengine walilala barabarani. Aprili 11 Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, alimwita balozi wa China kueleza wasiwasi wake, na Nairobi nayo ikalalamika. Wengine hupenda kusema programu haina ubaguzi, ni mtu ndiye anao. Pale mlangoni palikuwa na vyote viwili, msimbo wa kijani mkononi mwa Mwafrika na mlinzi aliyekataa kuutazama.

Wengi waliondoka, na China ikafunga mipaka kwa wageni kuanzia mwisho wa Machi 2020 hadi Januari 2023. Biashara haikusimama. Maonyesho ya Canton ya Juni 2020 yalifanyika mtandaoni kwa mara ya kwanza, na aliyeyajengea mitambo ni Tencent. Wauzaji wakajirekodi wakizunguka vizimba na simu mkononi. Mteja akiwa Kariakoo anaomba kifuniko kifunguliwe aone ndani, anapatana, anamwandikia ajenti, mzigo unapimwa kwa kilo ukija kwa ndege au kwa ujazo ukija kwa meli. Wengi waliozoea hivyo hawajarudi kupanda ndege.

Anayeanza leo hukutana na kikwazo ambacho Nanfang Dasha haikuwahi kukiweka. Akifungua akaunti mpya ya WeChat akiwa Dar es Salaam au Mombasa, programu inamtaka atafute mtu mwenye akaunti iliyokaa miezi kadhaa, askani msimbo wake na kumdhamini. Mdhamini hawezi kudhamini wengi kwa wakati mmoja, na akaunti mpya ikifungiwa hakuna kaunta ya kwenda kulalamika. Ndiyo maana kijana mwenye mtaji tayari na picha ya mzigo anaoutaka huzunguka duka hadi duka Mtaa wa Aggrey akiuliza nani ana WeChat ya zamani ambayo mwezi huu haijamdhamini mtu.